Nilikoroma Kanisani

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Itikieni vizuri, bado ni asubuhi na hamjachoka. Mimi ni Nyaga wa hapa Siakago, yule mliyekuwa mkimkwepa njiani. Sina neno na nyinyi, hata mimi ningejikwepa.

Ndugu zangu, naishi na virusi vya UKIMWI. Nimesema, na paa halijaanguka. Mke wangu Wanja alijua tangu mwanzo, akasimama na mimi, na dawa nilikuwa nameza vizuri kabisa. Kilichoniangusha ni muguka, hii miraa yetu ya majani. Kazi yangu ilikuwa kuchuma muguka katika mashamba ya watu, na mchumaji nani atamfunga mdomo? Nikizidiwa na mawazo, natafuna. Nikitafuna, silali. Nisipolala, mawazo yanazidi, basi naongeza majani mengine shavuni.

Tena nilikuwa na elimu yangu ya kijiweni. Wenzangu waliniambia dawa za virusi na muguka vikikutana tumboni vinapigana, unakufa. Nikawa mtu mwangalifu sana: siku ya kutafuna, sigusi dawa. Nilijiona mjanja kuliko madaktari.

Kisha sauti zikaanza. Zilinitukana, zikaniambia majirani wamejificha kwenye shamba letu la ndengu wakiningoja. Ndugu zangu, nilichukua panga mchana kweupe nikafyeka shamba lote, ndengu zikiwa karibu kuvunwa. Shamba hilo Wanja alikuwa amelipalilia na mtoto mgongoni. Hakunipigia kelele. Alifunga nguo za watoto, akaenda kwa dada yake anayeishi mtaa wa Majimbo, kule Embu mjini. Aliniambia kitu kimoja tu: "Nitarudi nikimwona Nyaga. Huyu simjui."

Nililia kama mtoto. Kaka yangu Ireri akanishika mkono, akanipeleka hospitali. Daktari, mama mmoja mpole, aliniuliza kuhusu dawa, nami nikamweleza utaratibu wangu kwa fahari. Akauliza, "Na siku ambayo hutafuni ni ipi?"

Nikafikiria. Nikaanza na Jumatatu, nikafika Jumapili, nikakosa. Kicheko kilinitoka hapo hapo, halafu machozi. Alinieleza kwamba muguka inaharibu usingizi na inachochea zile sauti, niiache. Lakini hata siku nikianguka nikatafuna, dawa nimeze. Akanipa dawa za akili pia, na mshauri wa kuongea naye. Mchungaji wetu aliniombea, akanionya nisije nikasema nimepona nikatupa tembe. Niliacha kuchuma, nikaenda kumsaidia fundi wa nyumba za mawe. Kuacha si mchezo. Niliteleza, nikarudi kliniki, hawakunifukuza. Polepole sauti zikanyamaza. Halelujah!

Basi Jumapili moja Wanja akaja hapa kuniona. Nilivaa shati safi, nikakaa wima kama bwana harusi, nikitaka aone nimebadilika. Mahubiri hayajafika popote, usingizi ukanibeba. Ndugu zangu, nilikoroma! Mchungaji anisamehe, ni miaka nilikuwa sijalala vile. Mzee wa kanisa alikuja kuniamsha, Wanja akamzuia kwa mkono. "Mwache," akasema, "huyu ni wangu."

Nilipoamka watu walikuwa wameenda, kichwa changu kiko begani kwake na blauzi yake imelowa mate. Nikaanza kuomba msamaha, maneno yakagongana. Wanja akacheka, akajipangusa. Akaniambia, "Nyaga, twende tuchukue watoto."

Yule pale, benchi la tatu, anayejifanya anamfunga mtoto viatu, ndiye Wanja. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na kwa daktari, na kwa Ireri. Dawa bado nameza, zote, kila siku, na nitameza.

Kama uko hapa na unasikia sauti, au unaruka dawa kwa sababu ya chupa au majani, usijifiche. Mtegemee Yesu, na kesho nipitie asubuhi twende kliniki pamoja. Uje hata shavu likiwa limejaa. Mungu hajakuchoka, na sisi hatujakuchoka. Amina!