Programu Isiyo na Siri

Asubuhi ile benchi la mbele ya duka la dawa lilikaliwa na watatu wa siku zote: Breki, dereva wa lori aliyestaafishwa na macho yake, Kamusi, mwalimu mstaafu, na Bisibisi, fundi simu, ambaye kahawa yake ilipoa bila kuguswa. Miaka mitatu Bisibisi aliisifia programu moja ya kutumiana ujumbe, kwa sababu kampuni yake imeuacha msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, wazi mtandaoni, yeyote ausome, yeyote aurekebishe. Yeye mwenyewe aligundua humo tundu la wezi, akaliziba bure, na kampuni ikamshukuru hadharani. Akaiweka kwenye simu za mtaa mzima. Akaiweka na kwenye simu ya dada yake, aliyemkimbia mume mwenye mkono mwepesi na kujificha upande wa pili wa mji. Juzi mume alikuwa anapita tu mtaa wa maficho hayo, simu yake, yenye programu ileile, ikamnong'oneza: “Mtu unayemjua yuko karibu nawe.” Akabisha hodi.

— Mimi nilisema, Breki akaanza. Simu inakusikia hata ukiizima. Yangu inalala ndani ya sufuria, na mfuniko juu.

— Na ikilia? Kamusi akauliza.

— Ilie. Chema chajiuza.

— Methali hiyo imeingiaje hapa, we Breki?

— Imeingia kama mume alivyoingia.

Bisibisi aliinamisha kichwa. Neno lile lilimchoma.

— Mimi nasikia wanapima hadi pumzi, Kamusi akasema. Ukihema kwa huzuni, wanakuletea tangazo la jeneza.

— Jeneza la kimo chako! Breki akadakia. Wanakijua!

— Acheni, wazee wangu, Bisibisi akasema. Hakuna uchawi. Lilikuja toleo jipya, linawaonyesha watu unaowajua mahali ulipo. Tukabonyeza “Nakubali” sote. Hata mimi.

— Umewaandikia hao wa kampuni? Kamusi akauliza.

— Nimewaandikia. Wamejibu kwa adabu tele.

Akasoma, sauti kavu kama mbao:

— “Ndugu mchangiaji, tunajali usalama. Hatukuficha chochote. Msimbo uko wazi, yeyote angeweza kuusoma.”

— Adabu ya mnyongaji, Kamusi akasema. Anakuuliza kamba imekukaa vizuri.

Hawakumsikia dada mtu alipofika. Alikuwa amesimama nyuma ya benchi, furushi kichwani, jicho la kushoto limevimba hadi kufumba.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, wakaitikia wazee, wakiangalia chini.

Akalitua furushi.

— Kaka, hao “yeyote” wanaowasema. Nani alisoma?

Bisibisi alikuwa amesoma mistari yake arobaini tu, ile ya kuziba tundu, akasoma na barua ya shukrani, mara nyingi sana hiyo.

Kamusi akasogea ukingoni mwa benchi, akampisha dada wa watu akae.