Bi Zuhra na Kamba za Majimoto

Sasa hivi mwanangu Agapiti ameokota embe bovu, akalinusa, akaenda kulitumbukiza kwenye shimo la maembe mabovu bila kutumwa na mtu. Hajafikisha hata miaka miwili. Mimi mama yake jambo hilo lilinichukua misimu miwili kulizoea, maana nilikuwa naona uvivu kuinama.

Aliyetufundisha sote wawili ni Bi Zuhra, mkaguzi wa miembe wa kikundi chetu hapa Matambarale. Tarehe 30 Novemba anastaafu, baada ya miaka ishirini na saba ya kazi. Mwenyekiti wetu, Mzee Leonard, ameniagiza niandike wasifu huu kwa ajili ya sherehe. Nilimkumbusha kwamba niliishia darasa la saba. Akasema afadhali, utakuwa mfupi.

Bi Zuhra alianzia kwao Marambo, kwenye mikorosho. Alipoolewa huku akaikuta miembe yetu inaliwa na kila kiumbe. Nzi wa matunda walitaga mayai ndani ya maembe, tukawa tunauza funza waliofungashwa vizuri. Fukusi nao walikaa ndani ya kokwa kama wenye nyumba. Watu walitaka kupiga dawa tu. Yeye akaja na majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, ambao huwafukuza nzi wasitage. Aliwabeba kwenye kiroba, akawapandisha mtini, kisha akafunga kamba kutoka mwembe hadi mwembe ili wapite. Walimcheka sana. Leo maembe yetu yanakwenda Nachingwea mjini na hayarudishwi.

Siku yangu ya kwanza kazini niliziona zile kamba, nikamshukuru Mungu kwa kikundi kinachojali wamama. Nikaanika nepi zote za Agapiti. Niliporudi kuzianua, majimoto walishahamia. Nilirukaruka mpaka kilemba kikaanguka, na shamba zima likaacha kazi kunitazama. Bi Zuhra akaja, akasema, "Mama Agapiti, asante mwanangu. Mimi nimewawekea daraja, wewe umewawekea na mapazia!" Akazikung'uta moja moja kwa mikono mitupu, akanirudishia zimekunjwa. Kuanzia hapo akanifanya msaidizi wake. Nadhani alitaka niwe karibu, asije akashtukizwa tena.

Mwezi uliopita alisimama mkutanoni akasema nafasi yake niishike mimi. Mtu mmoja akacheka. Nami nikacheka, asije akaonekana mpweke. Wanakikundi wakakubaliana kwamba nikishindwa, miti itapigwa dawa, na majimoto wa Bi Zuhra watakufa pamoja na nzi. Kusema kweli, naitaka kazi hii kuliko ninavyoonyesha. Lakini mpaka leo mti ukiugua wanamwita yeye tu, nami nafuata nyuma na ngazi mkononi na mtoto mgongoni, kama mtu anayehama nyumba.

Bi Zuhra, asante kwa uji ulionipikia nilipokuwa nanyonyesha, na kwa kunicheka nikiwa nimesimama, siyo nikiwa nimeanguka. Tunakuombea magoti yasiyouma, usingizi wa mchana, na…

Samahani, Mzee Leonard anaita kutoka bondeni: "Mkaguzi! Mama Agapiti! Njoo uone mwembe huu!" Bi Zuhra yuko hapa kando yangu anachambua maembe, wala hainui kichwa. Anasema tu, "Si unaitwa wewe?" Basi, naichukua ngazi. Bi Zuhra, sisi sote tunakutakia…