Mwalimu Wadad Farhoud na Ukurasa wa Nyumbu

Mwalimu Wadad alizaliwa tarehe 9 Novemba 1941 hapa Ayn Buteir, binti wa pili wa Tannous Farhoud, mwokaji mikate, na Bi Hneineh. Alisoma kwa masista bondeni, akamalizia mjini Zahle mwaka 1960, kisha akafundisha Kiarabu kijijini kwa miaka thelathini na minne. Waliochapwa rula na mkono wake wamo humu kijijini tele.

Hakuolewa. Mchumba wake alihamia Brazili, na marehemu akiulizwa alijibu, "Yeye alipanda meli, mimi nikapanda ngazi za shule. Kuna swali jingine?"

Mwaka 1995 alifungua makumbusho katika chumba cha tanuri la baba yake. Aliweka vinu vya kahawa, vitanda vya viwavi wa hariri, na daftari la fundi viatu Girgi, mshairi wetu, aliyezikejeli nyumba zote za kijiji asisaze hata moja. Kila asubuhi Mwalimu alifunua ukurasa mwingine wa daftari hilo ndani ya kabati la kioo.

Wiki ya kwanza tu, jirani yake Abu Nakhle alifika na mkasi. Humo daftarini babu yake anamuuza nyumbu mmoja kwa wateja wawili.

"Mwalimu, leo ukurasa ule utoke, ama tusijuane!"

"Keti kwanza, we mtu. Kahawa itapoa, mkasi hautapoa."

Walipatana ukurasa ubaki, ila maadamu Mwalimu yu hai usifunuliwe. Na kila Agosti, wana wetu wa ng'ambo walipokuja, uliokuwa wazi ni ule wa Tannous, baba yake mwenyewe, aliyejificha tanurini siku ya harusi yake.

Figo zilimsumbua Mwalimu tangu 2019. Januari mwaka huu alimkabidhi Abu Nakhle ufunguo wa makumbusho, na familia ilimlaumu sana.

"Mama mdogo, huyo atalikata daftari!" alisema mpwa wake Samar.

"Miaka yote nimemlinda yeye na daftari, Samar. Sasa ni zamu yake."

Alifariki jana, tarehe 14 Machi 2023, saa kumi na moja alfajiri. Mchana Abu Nakhle alionekana akiingia makumbusho peke yake. Samar alimkimbilia, akamkuta mikono mitupu, analia. Kabatini ulikuwa umefunuliwa ukurasa wa nyumbu.

"Someni basi, mcheke," alisema. "Wa kunifichia hayupo tena."

Marehemu ameacha dada yake Hind, kaka yake Fayez aliyeko São Paulo, wapwa saba, na daftari la kurasa mia moja na arobaini. Zote zipo. Alale salama, Mwalimu wetu.