Mchungaji Hodi na Kanisa Lililokua

Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya kulitumikia kanisa letu kwa miaka thelathini na mmoja, mchungaji wetu anastaafu. Watoto wanamwita Baba Mchungaji. Sisi wa zamani tunamwita Mchungaji Hodi.

Jina hilo alilipata tulipokuwa familia chache tukisali katika chumba cha fundi cherehani, vyerehani vimesukumwa ukutani. Hakuwa na ofisi, hivyo alifanyia kazi milangoni mwa watu. Alipiga hodi kwa mgonjwa, kwa aliyefiwa, kwa mke na mume waliokuwa hawasemezani. Alijua nani ana presha na mtoto wa nani amefeli hesabu. Mahubiri yake yalikuwa marefu. Siku moja fundi, ambaye gauni la bibi harusi lilikuwa linamsubiri, alianza kushona kabla ya amina. Mchungaji alicheka kuliko wote.

Kisha kanisa likakua. Tukajenga, tukaongeza ibada ya pili, kisha ya tatu. Zikaja kamati, vipaza sauti, na miadi ya kumwona mchungaji. Wazee wa kanisa wakagawiwa mitaa, wawe wanatembelea watu kwa niaba yake. Utaratibu ulikuwa mzuri. Bila huo tungesambaratika. Mama Mchungaji alikuwa akitutania kwamba zamani aligawana mume na waumini, sasa anagawana na vikao, na vikao havisemi hata ahsante.

Miaka sita iliyopita, mke wa seremala aliyetutengenezea mabenchi ya kwanza alilazwa hospitali. Aliomba mchungaji aende kumwona. Siku hiyo kulikuwa na kikao cha kupitisha ramani ya ukumbi mpya, naye ndiye mwenyekiti. Alimtuma mzee wa mtaa, akipanga kwenda mwenyewe kesho yake. Mama yule hakuiona kesho.

Baada ya mazishi, Mchungaji alikwenda kumwomba seremala radhi. Mimi, katibu wa ofisi, nilifuatana naye. Seremala alituketisha, akatupa maji ya kunywa, kisha akasema kwa upole: "Mzee uliyemtuma aliomba vizuri, Mchungaji. Ila mke wangu alikuwa anatazama mlango."

Mchungaji hakujitetea. Wiki hiyohiyo aliliomba baraza la kanisa limpe msaidizi wa kuendesha vikao, yeye arudi kwa wagonjwa. Baraza likakataa; likasema kanisa kubwa haliwezi kuachwa bila mtu wa kushika usukani. Akatii. Ukumbi ukajengwa, na ni mzuri kweli, lakini ukiusifu mbele yake hubadilisha mazungumzo.

Seremala bado anasali nasi. Yeye na Mchungaji hupeana mikono, huulizana hali. Ila hajamkaribisha tena nyumbani kwake, na Mchungaji hajalazimisha.

Baraza lilipomuuliza angependa zawadi gani ya kuagwa, aliomba jambo moja: aruhusiwe kutembelea wagonjwa chini ya mchungaji mpya, bila cheo. Safari hii hakuna aliyepinga. Tunasikitika kwamba ilibidi astaafu ndipo tumruhusu.

Baba, ulitulea tukiwa wachache, ukatubeba tulipokuwa wengi hata tukakulemea. Ahsante. Mungu akupe afya na miguu yenye nguvu, na Mama Mchungaji naye ampate mumewe walau kila Jumatatu. Siku zako zilizobaki ziwe njema, na ziwe zako.