Thomas Opiyo Nyawade (1922–1977), Diwani Aliyezungumzia Makaburini

Ijumaa Kuu, tarehe 14 Aprili 1922, mvua ilinyesha Kisian tangu alfajiri, na katika mvua hiyo Mama Dorca Nyawade alijifungua pacha. Marehemu alitangulia, akaitwa Opiyo. Mdogo wake, Odongo, hakumaliza juma. Alipokuwa mtu mzima, Opiyo alikuwa akisema kwamba alishinda uchaguzi wake wa kwanza kwa sababu mpinzani alijiondoa. Waliomjua hawakucheka.

Alisoma shule ya misheni hadi mwaka wa 1938. Ripoti yake ya mwisho ilisema kijana huyu hujibu vizuri, na angefanya vema zaidi kama angengoja aulizwe. Mwaka wa 1940 aliajiriwa karani bandarini Kisumu.

Tarehe 9 Agosti 1947 alifunga ndoa kanisani na Rosa, binti wa wavuvi wa Port Victoria. Rosa ndiye aliyesikia kila hotuba kwanza, jikoni, akikaanga samaki. Asipocheka, sehemu hiyo ilifutwa.

Mwaka wa 1963 alichaguliwa diwani, upande wa Kondele. Mwaka uliofuata, katika mkutano sokoni, muuza samaki aitwaye Benta alimwuliza uhuru umemletea nini.

"Mama, zamani tulifukuzwa mlangoni," akajibu. "Siku hizi tunaingia, tunapewa benchi, tunaambiwa mkubwa ametoka."

"Kwa hivyo benchi ndiyo uhuru?"

"Nusu yake. Ile nusu nyingine mkubwa ametoka nayo."

Alicheka pamoja na watu, lakini jambo hilo lilimkaa moyoni. Aliamini kwamba serikali imeandikwa kazi na wananchi, na kwamba aliyemwandika mtu kazi ana haki ya kumwuliza ameshinda wapi. Mwaka wa 1966 alijiunga na upinzani, na vibali vya mikutano vikakoma. Ndipo alipoanza kuzungumza kwenye mazishi, kwa kuwa mazishi hayakuombewa kibali, na kwa kuwa, kama alivyosema, marehemu ni mwenyekiti asiyeweza kuitwa ofisini. Watu walitoka mbali kuja kuzika wasiowajua.

Mwishoni mwa 1969 alikamatwa, akawekwa kizuizini bila mashtaka. Aliachiliwa Machi 1972 akiwa na kifua kibovu na sharti moja: asihutubie mkusanyiko wowote, mazishi yakiwamo. Akivunja, angerudishwa. Kifua hicho ndicho kilichomlaza hospitalini Kisumu mwaka huu, na alituacha Jumamosi, tarehe 8 Oktoba 1977, mchana. Siku zake za mwisho hakutania mtu. Binti yake Lornah alipomsomea gazeti, alimwomba aruke kurasa za mbele.

Ameacha binti zake Lornah na Seline, mwanawe Tom, dada yake Selpha, na wajukuu watano.

Kuna jambo moja ambalo familia imeona lisemwe. Rosa alizikwa hapa Alhamisi, tarehe 16 Mei 1974. Ilipofika zamu ya mume kuzungumza, alisimama kando ya kaburi akiwa amevua kofia. Askari wawili walikuwa wamesimama karibu na ua. Wengi wetu tulitazama chini. Benta, aliyekuja kumzika rafiki yake, alimwambia kwa sauti ya chini, "Baba Lornah, muage hata kwa neno moja. Huyu ni wako."

Aliwatazama watoto, ambao sasa walikuwa na mzazi mmoja. Akatikisa kichwa, akachukua koleo. Mwanamke aliyesikia hotuba zake zote akafukiwa bila neno la mumewe.

Asubuhi iliyofuata alivaa koti lile lile, akatembea hadi ofisi ya chifu, akaomba kibali cha kufanya mkutano hapa kaburini. Karani alimwuliza ni watu wangapi watahudhuria.

"Wawili," akasema marehemu. "Mmoja hatazungumza."

Karani aliandika, akamwambia arudi nyumbani, atajibiwa. Hakujibiwa.

Leo tunamlaza kando ya Rosa. Wazungumze kwa amani.