Mkono wa Alute na Tenisi ya Sebuleni kwa Mansuri

Pale Utemini, mjini Singida, upande wa kivuli wa kibanda cha Noel fundi redio, kuna benchi la mbao lenye miguu mitatu ya asili na mmoja wa tofali. Kila siku saa kumi na moja jioni Selemani hufika na birika lake la kahawa, na wenye benchi hufika kabla yake. Yupo Noel mwenyewe, ambaye wanamwita Injinia tangu alipofufua redio iliyokuwa imeingiliwa na mchwa. Yupo Gasto, wanamwita Kilo Mia, wala hakasiriki, maana anajua wanampunguzia. Yupo Mansuri wa duka la vitenge, mtu wa maneno machache. Na yupo Alute, wanayemwita Mwalimu ingawa hajawahi kushika chaki. Amefundisha kwaya ya kanisa miaka ishirini na miwili, na huo ndio ualimu wake. Ijumaa hiyo Alute alifika wa mwisho, shati limemganda mgongoni kwa jasho, na kabla hajakaa benchi zima lilishajua kuwa amepigwa tena.

Habari yenyewe ilianzia Sepuka, mwezi wa sita, Alute alipodondoka kutoka juu ya fuso lililosheheni magunia ya alizeti. Alitua kwa bega la kulia. Akafungwa hogo la plasta wiki saba, na lilipotolewa, mkono ukawa unainuka mpaka usawa wa bega na kugoma hapo. Hospitalini walimpa zoezi la kupandisha vidole ukutani kila asubuhi. Alilifanya siku nne, akachoka kutazamana na ukuta. Akajaribu kuongoza kwaya kwa mkono wa kushoto, na hapo ndipo alipoionja aibu: sauti ya kwanza waliingia pamoja na besi, sauti ya tatu hawakuingia kabisa, na watoto waliokaa mbele wakacheka kanisani. Sasa kwaya ilikuwa na safari ya Kilimatinde, kwenye mkutano wa kwaya, na kesho yake, Jumamosi, kamati ingekaa kuamua nani asimame mbele, Alute au Fredrick. Fredrick ni kijana mzuri, anasoma noti, ana heshima. Alute hakuwa na neno baya juu yake, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Basi Mansuri akaleta dawa bila kujua kuwa ni dawa. Dada yake Nasma, aliyeolewa Muscat, alikuja likizo na mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye runinga. Si ile ya kukaa na kubofya vitufe. Hii unashika rimoti ndogo, unajifunga kamba yake mkononi isije ikachomoka na kuvunja kioo, na ukirusha mkono, kidoli cha kwenye runinga nacho kinarusha wake. Kuna ngumi, kuna kuangusha chupa kwa mpira, kuna tenisi. Alute alipoona kidoli cha tenisi kinavyonyanyua mkono juu kabisa ya kichwa kabla ya kupiga, aliomba rimoti palepale. Tangu siku hiyo, wiki tano mfululizo, alifika kwa Mansuri saa tisa mchana, akavua viatu mlangoni na kusimama katikati ya zulia.

Na wiki tano mfululizo alipigwa. Alipigwa na Noel, alipigwa na Mansuri, alipigwa hata na Nasma kabla hajarudi kwa mumewe na kuiacha mashine. Kilichokera ni kupigwa na Gasto, ambaye hakuwahi kusimama. Gasto alijimwaga kwenye kochi, kikombe cha chai tumboni, akawa anatikisa kiganja tu, kama anayefukuza nzi, na mpira unarudi. Alute alizungusha mkono mzima kutoka begani, akiuma meno, na mpira ulikuwa umeshapita zamani.

Selemani akamimina kahawa. Mjadala ukaanza.

INJINIA: Mimi nimelichunguza hili jambo kitaalamu. Tatizo ni upepo.

KILO MIA: Upepo wa sebuleni?

INJINIA: Upepo wa Singida huu, unaujua mwenyewe. Rimoti inatuma mawimbi. Dirisha la Mansuri liko wazi. Mawimbi yanatoka kwa Mwalimu, upepo unayabeba, yanafika kwenye mashine yamechelewa.

MANSURI: Jumatano tulifunga dirisha.

INJINIA: Mlifunga moja.

Gasto akalikataa jambo la upepo, akasema yeye amekaa kwenye kochi lililo jirani kabisa na dirisha na mawimbi yake hayajawahi kupotea. Kwa maoni yake, Alute anapiga tenisi kama anayepura alizeti. Mtu aliyezoea kupura hunyanyua fimbo, hungoja wenzake wateremshe zao, ndipo ateremshe ya kwake, ili wasigongane. Alute bado anawangoja wenzake. Benchi likacheka, na Alute naye akacheka kidogo, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake: mara mbili tatu alijishtukia kweli anangoja.

MANSURI: Na Mama je?

Hapo wote wakaketi vizuri kwa heshima, maana Mama Mansuri, Bi Mwantum, ni mtu wa miaka sabini na nane, na sebule ndiyo njia yake ya kwenda uani. Kila alipopita, Alute aliteremsha mkono, akageuka, akainama na kusema shikamoo, na mashine haikuwa na adabu ya kungoja. Jana peke yake Bi Mwantum alipita mara nne. Alirudi kuchukua kanga, akarudi kuchukua miwani, akarudi kuuliza kama kuna aliyeiona miwani. Alute aliamkia mara zote nne, akapoteza pointi zote nne, na mara ya mwisho Bi Mwantum alimwambia amekuwa kijana mwenye malezi, lakini huo mchezo hauwezi.

KILO MIA: Ungemsalimia huku unacheza.

ALUTE: Nimwamkie mama wa mtu huku nimempa mgongo, kisa mpira usiokuwepo?

 Noel hakuwa mtu wa kuachia mjadala ufe, akasogeza kikombe na kuja na kubwa kuliko zote. Alisema tatizo liko kichwani. Mpira unapokuja, Gasto anafikiri kwa Kiswahili, moja kwa moja, anapiga. Alute ni Mnyaturu wa Sepuka. Anauona mpira kwa Kinyaturu, anautafsiri kwa Kiswahili, kisha mashine, iliyotengenezwa ughaibuni, nayo inautafsiri kwa lugha yake. Tafsiri mbili, mpira mmoja. Utafika saa ngapi?

KILO MIA: Kwa hiyo Mnyaturu hawezi tenisi.

INJINIA: Anaweza. Ila runinga ingewekwa mbali zaidi, mpira upate safari ndefu.

MANSURI: Mbali zaidi ni uani.

INJINIA: Basi uani.

Wakaanza kupanga kwa dhati waya wa kutoa runinga uani, nani ana waya, mita ngapi, na Bi Mwantum atapita wapi. Alute akanywa kahawa na kuwasikiliza. Bega lilikuwa linamwaka moto kama kila siku saa hizo. Aliwapenda watu hawa, na jioni hiyo walimchosha.

Gasto akamgeukia, safari hii bila mzaha.

— Mwalimu, nikwambie kitu. Leo tulikuwa arobaini kwa sifuri. Kaa kwenye kochi. Tikisa kiganja kama mimi. Utanipiga kesho hiyohiyo, naapa. Ukishinda hata mara moja, roho itatulia, na kwenye kamati utakwenda umechangamka.

Alute aliweka kikombe chini. Alikuwa amelijua jambo la kiganja tangu wiki ya kwanza. Mtu yeyote mwenye macho angelijua. Alishalijaribu pia, siku moja Mansuri alipokwenda kuswali na wengine kufuata kashata, akaona mpira unarudi vizuri bila bega kushiriki hata chembe. Aliizima mashine kwa hasira. Alijiona kama mtu aliyetumwa maji akarudi na ndoo tupu iliyopakwa rangi.

— Kilo Mia, mimi sikuja pale kukupiga wewe. Nitasimama, na nitazungusha mkono wote, kutoka hapa, alisema akigusa bega. Nikipigwa mia, nitapigwa mia nimesimama. Na kesho baada ya kamati, waseme watakalosema, saa tisa niko kwenye zulia.

— Hata wakimchagua Fredrick?

— Hata wakimchagua Fredrick.

Ilimtoka kavu kuliko alivyotaka, na Selemani akammiminia kikombe cha pili bila kuulizwa. Mjadala ukarudi kwenye hesabu, kwa kuwa hesabu ni salama. Noel alikumbuka seti zote za wiki. Mansuri alikumbuka siku Alute alipokaribia kushinda, pointi moja tu ilibaki. Gasto alibisha kuwa zilibaki mbili. Walikuwa hapo, kila mmoja na tarakimu zake, Magdalena alipotokea kwenye kona na daftari la kwaya kwapani.

Magdalena ni katibu wa kamati na anaimba sauti ya pili. Ni binti wa miaka thelathini na kidogo. Aliwaamkia wote kwa zamu, shikamoo, shikamoo, akakataa kahawa, akasema amepita tu kumkumbusha Mwalimu kuwa kikao ni saa nne asubuhi. Alisimama akiwasikiliza wanavyobishana juu ya pointi moja au mbili, juu ya upepo, juu ya waya wa uani. Akangoja mpaka wakatulia.

— Samahani wazee wangu. Kwani mkono wenyewe sasa unafika wapi?

 Gasto akamtazama Mansuri, na Mansuri akatazama chini. Wiki tano walikuwa wamekaa sebule moja na mkono ule, na hakuna aliyeuangalia. Walikuwa wanaangalia runinga. Wote walijua kidoli cha Alute, chenye masharubu, kilivyoupiga mpira ukaenda nje siku ya Jumanne, ila hawakujua chochote juu ya mwenye kidoli. Lililomtisha Alute ni kwamba hata yeye hakujua. Wakati wote alikuwa akiutazama mkono wa kidoli, ambao ulifika juu tangu siku ya kwanza, na wa kwake aliusikia kwa maumivu tu.

— Sijui, alisema.

Akasimama. Akaona afadhali ajue hapahapa, mbele ya watu watano na birika, kuliko kesho mbele ya kamati. Akauinua. Ulifika usawa wa bega, pale ulipokuwa ukigomea, na bega likauma vibaya. Hakuacha. Ukapita kidevu. Ukapita sikio. Ulikuwa unatetemeka, na ulikuwa unapanda, mpaka vidole vikawa juu ya kichwa chake na anga la jioni liko nyuma yake. Haukunyooka sawasawa, kiwiko kilibaki kimepinda. Lakini ulikuwa juu, na alikuwa ameupandisha mwenyewe.

Aliogopa kuwatazama usoni. Alipogeuza macho, alimkuta Magdalena amesimama wima, daftari limedondoka miguuni, kifua kimejaa pumzi, mdomo umefunguka nusu. Alikuwa anavitazama vidole vya Alute bila kupepesa, anangoja ishara.

Alute akaushusha mkono, na Magdalena akaanza kuimba.