Mama Aliyeombwa kwa Barua

Marehemu aliacha maagizo matatu kuhusu siku ya leo: jeneza liwe la kawaida, hotuba zisizidi mbili, na wasifu wake usipakwe rangi. "Mkisema nilikuwa malaika," alimwambia mdogo wake, ambaye ndiye anayesoma maneno haya, "watu watacheka na mimi sitakuwepo kuwajibu." Basi mdogo mtu amekaa na kalamu siku tatu, ameandika, amefuta, amelia, ameandika tena, na haya ndiyo aliyoyaweza.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba za wafanyakazi za shule ya bweni ambako baba yetu alikuwa mpishi mkuu. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na dirisha la chumba cha watoto lilitazamana na mlango wa jiko la shule. Shule ile ilikuwa ya watoto wa wenye nacho. Jioni tulimsaidia baba kuosha vyombo, na kila siku sahani zilirudi na vipande vya nyama vilivyoumwa mara moja tu na kuachwa. Baba alikuwa akisema watoto wale hawana kosa, hawajawahi kuijua njaa. Marehemu hakulipokea hivyo. Siku moja, akiwa na miaka tisa na mikono imejaa povu, aliapa kwamba akijaliwa watoto hakuna hata mmoja atakayekuwa kama wale. Mdogo wake aliapa naye, ingawa yeye mdogo alikuwa anatania tu.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1961 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1972. Hesabu zilimtoa jasho, lakini mwandiko wake ulisifiwa shule nzima, na walimu walimtumia kuandika vyeti. Mwaka 1973 alijiunga na chuo cha makarani, akahitimu utunzaji wa kumbukumbu mwishoni mwa mwaka uliofuata.

Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa masjala ya ofisi ya ardhi, chumba cha chini kisicho na dirisha, chenye rafu mpaka darini na harufu ya gundi. Ndani ya mwaka mmoja hakuna faili lililomkimbia. Wakubwa walishuka wenyewe kumwomba, naye hakuwapa mpaka wasaini daftari. Kuna mkurugenzi aliyekuja juu akidai hawezi kusainishwa na msichana mdogo. Marehemu alimsogezea kiti, akamwambia akae asubiri hasira ipite, kisha asaini. Alisaini. Ndipo wakaanza kumwita Mama Masjala, kabla hata hajawa mama wa mtu yeyote.

Hapo masjala ndipo alipoonana na mumewe. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye kibanda kimoja na mashine ya kukopa, akifuatilia faili la kiwanja chake. Alikuja mara nne. Faili lilipatikana mara ya pili, na sisi nyumbani tulijiuliza zile mara mbili za mwisho alifuata nini. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Agosti 1976. Yeye alichomelea mageti, marehemu akajaza fomu za zabuni kwenye meza ya kulia chakula, kwa mwandiko ule ule, na zabuni zikaanza kuja. Kufikia mwaka 1990 walikuwa na kiwanda cha mabati na nondo, majengo saba ya kupangisha, na nyumba kubwa kiasi kwamba mdogo wake alipolala pale mara ya kwanza alipotea akitafuta choo. Walijaliwa watoto watatu: Dada mwaka 1978, wa kati mwaka 1981, ambaye tunamwita Babu kwa kuwa alipewa jina la baba yetu, na Kitinda mwaka 1987.

Ndoa ilivunjika. Mume alikuwa na nyumba nyingine na watoto wengine wawili, na marehemu alilijua hilo kutoka kwa dereva. Kesi ya kugawana mali iliunguruma miaka miwili, magazeti yakaipa kurasa, watu wasiotujua wakajua idadi ya vyumba vyetu. Hukumu ilitoka Ijumaa tarehe 11 Novemba 1994. Mume alibaki na kiwanda. Marehemu alipata majengo manne, nyumba kubwa, na watoto. Kwa kuwa kila mmoja alimtuhumu mwenzake kuwanunua watoto kwa zawadi, jaji aliweka sharti: gharama yoyote ya mtoto nje ya chakula na ada iombwe kwa maandishi, iwe na uthibitisho, na kila mzazi apate nakala. Walipokuwa wanatoka, ukumbini, mume alimgeukia marehemu mbele ya mawakili akasema, "Chukua. Baada ya miaka kumi watoto hao watakuwa hawafai hata kutumwa dukani."

Wakili wake alimshauri asijibu, naye hakujibu kwa mdomo. Wiki iliyofuata aliwaita watoto sebuleni, akawaeleza kwamba tangu siku ile mwenye shida aandike barua. Jaji alikuwa amewataka wazazi waandikiane. Kuwaandikisha watoto barua lilikuwa wazo lake mwenyewe, na hakuna aliyemtuma.

Dada, mwenye miaka kumi na sita, alikuwa wa kwanza: "Yahusu: Ombi la viatu vya shule. Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Vilivyopo vimetoboka soli. Nakala kwa Baba." Marehemu aliijibu kwa kalamu nyekundu kwamba ombi limepokelewa na linafanyiwa kazi. Viatu vilikuja baada ya wiki mbili, na pesa alikuwa nazo siku ile ile. Kitinda alikuwa na miaka saba alipoandika ombi la kulala na mama kwa sababu ya radi. Alikubaliwa, kwa siku moja. Barua hizo zilisomwa kwenye mikusanyiko ya familia na sote tulishika mbavu. Mdogo wake ndiye aliyecheka kuliko wote, na leo angetoa chochote alichonacho asiwe alicheka.

Ilikuwa mwaka 2000, Babu ana miaka kumi na tisa. Alikubaliwa chuo cha ufundi wa majengo, na nafasi ilitakiwa kulipiwa kabla ya Ijumaa. Jumatatu aliandika barua. Marehemu aliirudisha kwa wino mwekundu: hakuna kiambatisho, rekebisha, leta tena. Kiambatisho chenyewe, yaani barua ya chuo, kilikuwa mezani tangu Jumapili. Marehemu alikuwa ameshakisoma, akafurahi, akampigia simu mdogo wake kumwambia kijana wetu amepata. Ilikuwa kazi ya kunyoosha mkono. Siku nne mama na mwana walipishana kwenye ngazi, kila mmoja akimsubiri mwenzake, na Ijumaa ikapita. Jumamosi asubuhi Babu alimfuata jikoni na kumwambia, bila kupandisha sauti, "Mama, mimi sitaomba tena."

Aliondoka na begi moja akajiunga na mafundi wa vigae. Mdogo mtu alikuja juu kwa hasira akamuuliza dada yake kama ana moyo au kabati. Marehemu alijibu kwamba angempa bila utaratibu, angekuwa amewadhulumu wale wawili waliofuata utaratibu. Kisha akasema, "Na baba yao angesikia."

Kijana alishika neno lake. Alikuja kumsalimia mama kila baada ya miezi miwili mitatu, kwa adabu zote, akakaa, akaongea habari za mvua. Alikuja na chupa yake ya maji. Akikaribishwa chai alishukuru, akasema ameshakunywa. Mwaka 2009 marehemu alikwenda kukagua ukarabati kwenye jengo lake la tatu, akafungua mlango wa bafu, akamkuta mwanawe amepiga magoti anapanga vigae. Msimamizi wa kazi alimwita fundi, hakujua ni mtoto wa mwenye jengo. Marehemu aliufunga mlango wakabaki wawili.

"Babu, chukua hii nyumba. Iwe yako, leo hii."

"Sijaiomba, mama."

Akaomba radhi kwamba saruji inakauka, akaendelea na kazi. Marehemu alirudi nyumbani akalala kitandani na viatu.

Watu wamekuwa wakimsifu kwamba alikuwa tajiri na hakudekeza, na ni kweli hakudekeza. Dada ni mhasibu mkubwa, na mpaka leo akinunua nguo yake mwenyewe anaificha mwezi mzima kabla ya kuivaa. Kitinda pesa haikai naye hata siku mbili, anagawa kama anayekimbizwa. Na wale wawili wa nyumba nyingine, waliopewa magari na kila walichotaja, wamekaa pale mstari wa pili. Wamekuwa nasi tangu Jumatatu, wamebeba viti, wameosha masufuria. Ni watu wazuri kabisa. Marehemu alilijua hilo, na lilimnyima usingizi kuliko kama wangeharibika.

Septemba 2021 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alitibiwa kwenye hospitali nzuri kuliko zote, chumba cha peke yake, maua kila siku. Mwezi wa pili mwaka huu baba watoto alikuja kumwona, naye ameshazeeka, anatembelea fimbo. Marehemu alimuuliza kama anakumbuka alichomwambia ukumbini siku ile ya hukumu. Mzee aliwaza sana. Akasema hapana, siku ile alikuwa na hasira, alisema mengi, na kufika mchana alikuwa ameshasahau yote. Kwani alisema nini? Marehemu akasema si kitu. Miaka ishirini na minane alikuwa akimjibu mtu aliyeshasahau swali.

Mgeni alipoondoka aliomba karatasi. Hakukubali kuandikiwa. Barua aliyopelekewa Babu ilisema hivi: "Yahusu: Ombi la kuombwa. Mwanangu, nakuomba uniombe kitu. Chochote. Hata chumvi. Sina kiambatisho." Mdogo wake aliipeleka kwa mkono na kumkabidhi Babu kazini, kwenye vumbi la vigae. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akarudi kukata vigae.

Alikuja baada ya siku tisa. Siku ya kwanza alikaa na chupa yake, na ya pili vile vile, na marehemu hakumhimiza. Siku ya tatu, muuguzi alipotoka, alikivuta kiti mpaka kikagusa kitanda.

"Mama, nina ombi. Mke wangu ana mimba. Ni mtoto wetu wa kwanza, atazaliwa mwezi wa saba katikati. Naomba umsubiri."

Mdogo wake alikuwa dirishani, akageuka atazame nje. Marehemu hakuuliza sababu, hakuuliza tarehe kamili.

"Nimekubali," alisema. "Nitamsubiri."

Na alijitahidi, Mungu ni shahidi. Mtu aliyekuwa anakataa uji akaanza kuudai. Alikubali sindano alizokuwa amezigomea, akamuuliza kila muuguzi wa asubuhi leo ni tarehe ngapi. Babu alikuja kila jioni na nguo za kazi, akawa anakunywa chai ya mama yake, na chupa hatukuiona tena. Aprili madaktari walishangaa. Mei ini lilikataa. Siku chache kabla ya mwisho marehemu alimshika mdogo wake mkono akamwambia, "Yale niliyoyaweza niliyakataa. Hili nimelikubali, na siliwezi."

Alifariki Jumapili tarehe 28 Mei 2023, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Watoto wake wote watatu walikuwa chumbani.

Ameacha dada mmoja na kaka wawili; watoto watatu, Dada, Babu na Kitinda; wakwe wawili; wajukuu wanne wa Dada; na mjukuu wa tano, ambaye bado wiki saba.

Pumzika, dada. Mtoto tutampokea sisi.